Mto Unaoitwa Mto: Shajara ya Kibao cha Sabaki

Februari 11

Kikao cha kikundi kimekwisha magharibi, na kazi zimegawanywa. Kibao kitasimama kwenye mlango wa Sabaki, upande wa Malindi, pale njia ya wageni wanaokuja kutazama ndege inapoingia kwenye vilima vya mchanga. Kitakuwa na sehemu tatu: ndege, viboko, na majina ya mto. Ndege walinyakuliwa kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka. Viboko wakachukuliwa na mvuvi mmoja ambaye ana haki nao, maana waliwahi kumpindulia mtumbwi. Mimi nikaachiwa majina, nikafurahi, nikijua ni kazi ya jioni moja.

Rasimu ya kwanza, ya usiku huuhuu:

"Mto huu una majina matatu. Huko juu unaitwa Athi. Katikati unaitwa Galana. Hapa unaitwa Sabaki."

Nimefunga daftari.

Februari 12

Nimelifungua tena. Kwa mwanga wa asubuhi rasimu ile haina lolote ambalo mtoto wa darasa la nne wa Mambrui halijui. Nimeongeza njia ya mto: unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unapokea maji ya mto Nairobi, unashuka Ukambani, unaingia Tsavo, na hapo mto Tsavo unapojiunga nao ndipo jina linapogeuka kuwa Galana. Unapita maporomoko ya Lugard, unatoka mbugani kwenye lango la Sala, unapita Chakama na Baricho, na kufika kwetu ukiitwa Sabaki. Kwa jumla ni kilomita 390 hivi.

Nairobi lenyewe ni jina la maji. Wamaasai waliuita ule mto kwa baridi yake, enkare ni maji, na jiji likaja kuchukua jina. Baadaye jiji likayachafua maji hayo, na yaliyochafuka yanashuka hadi huku. Hilo nimeliandika kisha nikalifuta. Kibao cha ndege si mahali pa kugombana na watu wa Nairobi.

Februari 15

Leo rasimu imevunjika.

Nilikwenda Kakuyuni kwa shemeji yangu, nikamkuta mgeni barazani, mzee wa Kiwaata wa upande wa Chakama, aliyeshuka kwa ajili ya macho yake. Shemeji ni mtu wa kunionyesha kwa wageni. Akasema, "Babu, huyu ndiye anayeandika habari za mto." Ikabidi nisome. Nikasoma kwa sauti, maana macho yenyewe ndiyo yaliyomleta.

Nilipofika "mto Galana" akanisimamisha kwa mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mwanangu, umeandika mto unaoitwa mto."

Nikadhani hakusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kwa lugha yao galana ni mto. Hata si jina la mto huu peke yake, ni mto tu, maji makubwa yanayokwenda. Babu zake wakisema wanakwenda galana walikuwa wanasema wanakwenda mtoni, kama mimi ninavyosema nakwenda sokoni bila kutaja soko gani. "Kama iko mmoja tu, utautajia jina la nini?"

Nikamuuliza, basi huu wa kwao waliuitaje kuutenga na mingine? Akacheka na kuomba chai iongezwe sukari. Shemeji akanikanyaga mguu, ishara kwamba mzee amechoka.

Njiani, juu ya bodaboda, nilikuwa nikijirudia: mto mto, mto mto. Dereva akaniuliza kama nimesahau kitu.

Februari 16

Neno la mzee mmoja halitoshi kuandikwa kwa rangi ya mafuta. Nimempata mwanachuo mmoja Mworma kutoka Tana Delta, msemaji wa Kioromo kama yule mzee, anayepanga chumba karibu na stendi ya Malindi. Sikumwambia ninachotafuta. Nikamuuliza tu, kwenu mto mnauitaje? Akajibu mara moja: galana. Na mto mdogo? Laga.

Hilo la pili nalijua, kumbe nimelijua miaka yote bila kujua. Laga ni neno ambalo Wakenya wengi wa kaskazini wanalo, hata wasiojua Kioromo: mkondo mkavu wa mchanga ambao mvua ikinyesha hugeuka maji ya kuua watu, na siku ya tatu ni mchanga tena. Madereva wa malori husema "laga imejaa" na hakuna anayehitaji maelezo. Sasa naliona mahali pake. Lugha ileile inatenga maji yanayokuja na kuondoka na maji makubwa yanayokaa, na makubwa ndiyo galana.

Yule binti akaniongezea jambo. Kwa Waoromo wa Ethiopia neno hilohilo, nao hulivuta, galaana, ni bahari. Bahari ya Shamu wanaiita Galaana Diimaa, yaani bahari nyekundu. Na kusini mwa Ethiopia kuna mito mingine yenye jina hilo, mmoja unaingia ziwa Abaya. Kwa hiyo Galana yetu ina ndugu, na neno lenyewe linapanuka na kusinyaa kulingana na mahali msemaji aliposimama. Aliyezaliwa nyanda za juu, ambaye bahari ni habari ya kusimuliwa, ameliweka neno kwenye lile jambo kubwa la mbali. Mfugaji wa nyika kavu kati ya Tana na Sabaki, ambaye maji makubwa ya kunywesha ng'ombe ni mto, ameliweka kwenye mto. Hii ni tafsiri yangu, na binti hakuikataa.

Nikamuuliza kama jina la mradi wa mahindi humchekesha. Galana Kulalu ilipozinduliwa mwaka 2014 neno hili liliingia katika kila taarifa ya habari: ekari milioni 1 za kumwagilia, shamba la majaribio la ekari 10,000. Nchi nzima ikajua kusema Galana. Akasema hapana, kilichomchekesha ni watangazaji kusema "mto Galana" kila usiku. Basi hata yeye!

Februari 23

Kikao. Nimewaeleza niliyoyapata na kukazuka mzozo ambao sikuutarajia, wa kama saa nzima, na viboko hawakuzungumzwa kabisa.

Mwalimu wetu, ambaye ni mtu wa kunyoosha mambo, anataka neno "mto" liondolewe mbele ya Galana. Kosa ni kosa, anasema, na sisi tusilipake rangi. Tuandike "Galana" peke yake.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza, "Mwalimu, mlima mrefu kuliko yote Afrika unaitwaje?"

"Mlima Kilimanjaro."

Akanyamaza hapohapo. Kilima kimo ndani ya jina, na juu yake tumepandisha mlima mwingine, na hakuna aliyewahi kukosa alama katika mtihani kwa hilo. Nikaendelea, maana ukimshika mwalimu usimwachie haraka. Ziwa Nyasa: nyasa kwa Wayao ni ziwa. Jangwa la Sahara: sahara kwa Kiarabu ni majangwa. Ziwa Chad, nalo kwa wenyewe Wakanuri ni ziwa. Ukienda mbali zaidi, Uingereza kuna mto Avon, zaidi ya mmoja, na kwa lugha ya Wales, ambayo mama yake ilisemwa huko kabla ya Kiingereza, afon ni mto. Na Misri ya kale mto Nile uliitwa iteru, mto, basi. Palipo na mto mmoja hapahitajiki jina. Ndilo lile la mzee.

Mwalimu akasema Kilimanjaro ni Kilimanjaro, imeshazoeleka. Nikamwambia na Galana imeshazoeleka. Mama mmoja wa kikundi, anayeuza mahamri na ambaye kwa kawaida huja kikaoni kuhesabu pesa tu, akauliza swali lililomaliza mzozo: "Sasa mgeni akiona Galana peke yake, atajuaje kama ni mto au ni hoteli?"

Neno mto linabaki. Mwalimu amekubali kwa sharti kwamba tuandike maana chini yake, na sharti lake ni zuri kuliko rasimu yangu.

Nami nina sababu yangu ambayo sikuisema kikaoni. Lile neno la ziada ni alama ya kwato. Jina likijirudia hivyo, ujue watu wawili walikutana kwenye ukingo, mmoja akauliza "hii ni nini?" na mwingine akajibu "mto". Aliyeuliza akadhani ameambiwa jina. Ukilifuta neno, umefuta mazungumzo.

Machi 2

Nimejiuliza mwenyewe: na mto? Tumechunguza neno la jirani, la kwetu tumelipita.

Ukivua ngeli, kinachobaki ni -to. Unakiona kwenye kijito, na kwenye jito kwa mto mkubwa wa kutisha. Si neno la Waswahili peke yao. Jirani yangu Mgiriama anasema muho. Mwanzoni yanasikika kama maneno mawili tofauti mpaka uyapange safu: mti kwetu ni muhi kwao, moto ni moho, mtoto ni muhoho, tatu ni hahu. Kila mahali tunapoweka t ya kale wao wameilainisha ikawa h. Mto, muho. Ngazija na visiwa vyake, t hiyohiyo imekwenda njia nyingine ikawa r, na mto huko ni mro. Ni neno moja la Kibantu, limesafiri na watu, na kila waliposhuka wakalivalisha sauti ya pale.

Nilifanya zoezi hili na watoto wa jirani kibarazani na halikwenda nilivyopanga. Mdogo kabisa akauliza, "Na mto wa kulalia?" Wakubwa wakaanza kupigana kwa mito, ya kulalia. Zoezi likaishia hapo.

Mvuvi wetu wa viboko, ambaye mamake ni wa Lamu, ameniongezea kwamba kwao mto si lazima uwe na maji matamu. Mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko nao ni mto, unaingia na maji kujaa na kutoka na maji kupwa. Kwa hiyo neno letu nalo lina utelezi uleule wa galaana, mguu mmoja mtoni na mmoja baharini. Nilitaka kuliweka kwenye kibao. Nimekumbuka kibao ni futi nne kwa tatu.

Machi 9

Kwa nini Galana huko juu na Sabaki huku? Nimekaa na swali hili wiki nzima, na jibu langu ni hili: majina yamekaa pale watu walipokaa.

Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyeandika mwaka 1154, aliitaja Malindi kuwa iko kwenye mlango wa mto wa maji matamu. Mji na mto vilijulikana pamoja tangu hapo. Baadaye wafugaji wa Kioromo walishuka kutoka kaskazini na kufika nyuma ya pwani hii. Miaka ya 1590 Wareno walijenga ngome yao Mombasa na mtawala wa Malindi akahamia huko, na karne iliyofuata Malindi ilidhoofika mpaka ikabaki magofu, hadi ilipoamshwa tena wakati wa masultani wa Unguja katikati ya karne ya 19. Katika muda huo nyika yote ya nyuma ilikuwa ya watu wa galana. Wafugaji waliinyweshea mifugo, Waata waliwindia tembo kandokando yake kwa pinde ambazo hata leo watu wanazisimulia. Mtu wa pwani aliyepanda mto kwenda kununua pembe alikuta neno limeshakaa.

Wagiriama walivuka kuja kulima ng'ambo ya kaskazini, na mwaka 1914 Waingereza wakawaamuru warudi kusini. Mto ukageuzwa mpaka. Ni vita vilevile vya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, aliyekamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii, na kurudi kwa miguu. Watoto wanajifunza habari zake shuleni, lakini wengi hawajui kwamba ugomvi ulikuwa pia juu ya upande gani wa mto huu mtu aruhusiwe kupanda mahindi.

Haya yote hayaingii kwenye kibao. Limeingia jambo moja tu: vitabu vya zamani vinawaita watu hawa kwa jina wasilolipenda, lile linaloanzia na Wa- na kuishia na -gala. Sisi tunaandika Waorma na Waata, kama wanavyojiita. Mwalimu alilipigia mstari mara mbili.

Machi 20

Maneno ya mwisho yamepita kikaoni:

"Mto mmoja, majina matatu. Kutoka nyanda za juu ni Athi. Baada ya Tsavo ni Galana, neno la Waorma na Waata lenye maana ya mto. Hapa unapokutana na bahari ni Sabaki. Jirani Mgiriama akikwambia muho, naye amesema mto."

Mama wa mahamri anauliza kwa nini Kiswahili hakielezwi. Nimemwambia kibao chote ni Kiswahili. Hakuridhika.

Machi 27

Fundi wa mabango ameleta kazi. Ndege wazuri sana, korongo mpaka unaweza kuhesabu manyoya. Kiboko ana meno ya simba, lakini tumelipitisha kwa kuwa linasaidia onyo. Kisha nikasoma upande wangu: "Baada ya Tsavo ni Galani, neno la Waorma na Waata lenye maana ya mto."

Galani! Jina moja ambalo kibao kizima kimejengwa juu yake. Fundi akatetea kwamba aliona ni la mahali, kama baharini, kwa hiyo linahitaji -ni, ila silabi moja ikampotea. Kwa haki niseme kosa lake lina akili. Kwa sarufi yetu, aliyekwenda galana angesema amekwenda galanani. Fundi alikuwa anafanya kile Waswahili wamefanya kwa kila neno lililopita hapa, kulivalisha kanzu.

Amelirekebisha palepale kwa brashi nyembamba, na ukikaribia utaona i ya zamani chini ya a mpya. Alipomaliza aliosha brashi kwa tapentaini, kisha mikono kwa sabuni kwenye mfereji wetu wa uani. Maji ya mfereji wa Malindi yanatoka Baricho, visima vya kando ya mto huuhuu. Nilitaka kumwambia, nikaona ana haraka ya kulipwa.

Aprili 5

Kibao kimesimama. Tulikichimbia hatua kumi nyuma ya pale tulipopanga, kwa amri ya wavuvi. Walisema masika yakiwa makali mto huja mpaka pale, na wao wameuona ukija.

Mvua imeshanyesha bara, kwetu bado. Maji yalikuwa yamegeuka rangi tangu juzi, mekundu mazito kama chai ya maziwa iliyozidi majani, udongo wa Ukambani unakwenda baharini. Upepo wa kaskazi ulipokuwa na nguvu wekundu huu ulikuwa unashuka mpaka ghuba ya Malindi na kwenye matumbawe ya hifadhi. Sasa kusi inaanza na utasukumwa upande wa Mambrui. Gati la Malindi limejaa mchanga wa mto huu kiasi kwamba maji yakipwa vyombo vinakaa mbali.

Aprili 13

Mzee wa Chakama amerudi kwa macho, safari hii anaona kidogo kwa jicho la kulia. Shemeji alimleta mpaka kwenye kibao kwa tuktuk, na mimi nikafuata na maji ya kunywa. Akasimama karibu sana, pua ikikaribia bati, akalitafuta neno lake kwa kidole. Akakipitisha juu ya herufi moja moja mpaka mwisho, na pale mwishoni kidole kikasita.

"Hapa palikuwa na kitu kingine."

Nikamweleza habari ya fundi. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuka kuutazama mto, ambao kwa jicho lile sidhani aliuona zaidi ya mng'ao.

"Mwambieni asipake tena," akasema. "Nimelisoma."

Kisha akauliza kama kuna kiboko karibu, tukarudi kwenye tuktuk. Imebaki nusu kopo ya rangi nyeupe, iko kwa fundi. Shilingi 600 za nauli nimezilipa mimi, na mama wa mahamri bado hajanirudishia.